Cherehani Tatu Zimehamia Dodoma

Jumamosi, 24 Agosti 2024

Cherehani zimetangulia. Zimeondoka jana saa nne usiku ndani ya fuso lililobeba makochi ya watu, na kijana wangu wa kazi kalala juu ya marobota ya vitambaa kama paka wa dukani. Mimi nimekata tiketi ya treni ya umeme, shilingi 31,000. Mgongo wa fundi aliyekaa kwenye kigoda miaka kumi na tisa hauna haja ya basi la kutwa nzima, na mizigo mikubwa kama ile isingeruhusiwa behewani hata ningebembeleza.

Mwanangu ana miaka tisa. Amebaki Mbagala kwa mama yangu mpaka shule zifungwe Desemba. Jana usiku aliniuliza kama Dodoma kuna bahari. Nikamwambia hakuna.

"Sasa kuna nini?"

"Kuna Bunge."

"Linafanya nini?"

"Linapitisha bajeti."

Akageukia ukutani, akalala.

Wengine nyumbani walikuwa na swali lao. "Dodoma? Umeanza lini kuumwa?" Wakacheka wenyewe. Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili, ipo pale tangu 1927, na kwa Mtanzania wa rika langu kutaja Dodoma bila kutaja Mirembe ni kama kutaja Tanga bila kutaja muhogo. Nimezoea.

Sababu ninayowapa watu ni kwamba nawafuata wateja. Nashona suti, na hasa Kaunda suti, na wateja wangu wakubwa walikuwa watumishi wa wizara waliokuwa Posta na Magogoni. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhama kweli, Waziri Mkuu akatangulia, wizara zikafuata moja moja. Mwanzoni wateja walikuja Dar Jumamosi kupimwa. Baadaye wakaanza kutuma vitambaa kwa basi na ujumbe: "Fundi, vipimo ni vile vile." Havikuwa vile vile. Dodoma kuna nyama choma. Mhasibu mmoja, mzee wa heshima zake, alinirudishia koti lisilofunga tumboni na kunipigia simu: "Fundi, sisi tumehama. Wewe unasubiri barua ya uhamisho?"

Sababu ya pili huwa siisemi. Mbagala nilitoka saa kumi na moja alfajiri, nikarudi saa tatu usiku. Mwanangu nilimjua zaidi akiwa amelala.

Pugu mpaka Morogoro nilisinzia, nikaamka kuangalia Uluguru kidogo. Baada ya Kilosa njia inaingia milimani na kwenye mahandaki. Giza likaja ghafla, bibi aliyekaa mbele yangu akavuta kanga mpaka puani, akatoka upande wa pili akisema "alhamdulillahi" kwa sauti, na behewa zima likamwitikia. Bondeni, reli ya zamani ilionekana na kupotea. Ile ndiyo ya Mjerumani, iliyofika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, na mto Mkondoa umeisomba vipande vyake mara nyingi mno. Mzee wa kiti cha pili alisema enzi zao hapa walipita usiku. "Ukisikia baridi ya shingo unajua Dodoma imefika."

Baada ya Gulwe nchi ikabadilika. Udongo mwekundu, miiba, mibuyu iliyonyonyoka majani imesimama mmoja mmoja kama watu waliogombana. Nilijiuliza mara moja tu kama nimefanya jambo la busara.

Stesheni mpya iko nje kidogo, upande wa Mkonze. Nilipotoka, upepo ulinivua mtandio na kuupeleka kwenye bajaji iliyokuwa imeegeshwa. Dereva akaushika, akaukung'uta vumbi. "Karibu Makao Makuu, dada. Mtandio umeshachagua usafiri." Nikapanda hiyo hiyo.

Jumapili, 25 Agosti

Fuso lilifika saa nne asubuhi. Cherehani mbili nzima, ya ovaloki imepinda mguu, na katoni moja ya bitana haionekani. Dereva anasema haikupakiwa. Kijana anasema ilipakiwa na aliilalia. Tumebishana mpaka sauti zikachoka, katoni haikurudi. Hesabu yake ninayo kichwani na naomba niiache huko.

Nyumba iko Makole: vyumba viwili na sebule, choo ndani, shilingi laki mbili kwa mwezi, miezi sita mbele, na dalali amekula kodi ya mwezi mmoja kwa kunifungulia geti lililokuwa wazi. Nilikokuwa Mbagala nililipa pungufu kidogo kwa nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo wanaosema Dodoma ni bei ya kutupa nadhani waliondoka zamani. Kilicho tofauti ni uwanja. Kuna mwarobaini, kuna kuku, kuna kamba ya nguo ndefu kuliko chumba nilichozaliwa.

Mama mwenye nyumba ni Mgogo wa hapa hapa, umri wa mama yangu. Alitukaribisha kwa ugali wa uwele na mlenda wenye karanga. Kijana wangu, mtoto wa Temeke, aliuangalia ule mlenda unavyovutika kutoka bakulini mpaka mkononi, akaniangalia mimi. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akala. Akaongeza.

"Shikamoo mama, asante kwa chakula."

"Marahaba mwanangu. Huku salamu ni mbukwa. Mkiwa wengi ndiyo mbukwenyi."

Nikajaribu kumwambia mbukwenyi yeye peke yake. Akageuka nyuma kutafuta wenzake.

Jioni alinihadithia jina la mji, kisa ambacho kila mtu hapa anacho na kila mtu anakisimulia kama alikuwepo. Tembo alikuja kunywa maji kijitoni, miguu ikazama kwenye tope, akadidimia. Wagogo wakapaita Idodomya, palipodidimia. Nikamuuliza tembo alitoka? Akasema hilo hakuna anayelisema.

Jumatatu, 26 Agosti

Dakika ishirini na mbili kwa miguu, kutoka mlangoni Makole mpaka fremu yangu karibu na soko la Majengo. Nimepima kwa simu. Sikupanda kitu, sikusukumana na mtu, hakuna kondakta aliyeniambia "sogea nyuma kuna nafasi" mahali pasipo na nafasi.

Mji wenyewe wa zamani ni mdogo, unashikika. Barabara nyingi za katikati zina namba badala ya majina. Kuna Nyerere Square, na Mwalimu mwenyewe wa sanamu, na wapiga picha wanaokusubiri kama unadaiwa. Kuna stesheni ya zamani, ambayo mji huu ulijikusanya kuizunguka. Ukipandisha macho unaona vilima vya mawe. Mawe hasa, makubwa kama nyumba, yamepandana bila saruji. Sijui kwa nini hakuna aliyenitajia mawe. Wote walinitajia vumbi.

Vumbi nalo lipo. Upepo wa mwezi huu unaanza saa nne asubuhi na hauombi ruhusa. Tulifagia fremu mara tatu. Meza ya kukatia tumeihamishia ukuta wa ndani kabisa, na vitambaa vyote vyeupe vimeingia kwenye mifuko ya nailoni. Midomo imepasuka tayari. Kijana anajipaka mafuta ya mgando mpaka anang'aa kama kiatu.

Saa kumi na mbili kasoro jioni nilikuwa nyumbani nimekaa. Simu ikaita, mwanangu.

"Mama, uko foleni wapi?"

"Niko nyumbani."

"Nyumbani wapi, na jua bado lipo?"

Hakuamini. Ilibidi nimsikilizishe kuku.

Jumanne, 27 Agosti

Bunge limeanza mkutano wake leo. Nyumba za wageni zimejaa, bei zimepanda, na mjini kuna magari ya vioo vyeusi yanayotafuta chipsi. Kazi ya kwanza ya Dodoma: kupunguza suruali ya dereva wa mheshimiwa fulani, shilingi elfu tatu. Akasema atanitangaza. Dereva akikutangaza umetangazwa. Anakaa nje na madereva wenzake kutwa nzima bila la kufanya.

Mchana akaja mhasibu wangu. Kaunda suti, kitambaa cha bluu iliyoiva karibu na weusi, anaitaka Ijumaa kwa shughuli ya ukoo. Nilimpima upya bila kumsomea namba.

Alhamisi, 29 Agosti

Leo nusura nikate tamaa, na kisa chenyewe ni pasi.

Koti lilikuwa limebakiza kupigwa pasi ya mwisho. Ninayo pasi ya mvuke niliyoinunua kwa jasho, nikaijaza maji ya bomba kama nilivyofanya miaka yote Dar, nikapita mabegani, mifukoni, kwenye pindo. Nikalitundika. Likapendeza. Baada ya dakika kama kumi, kitambaa kilipokauka, ramani ikaanza kujichora. Duara nyeupe, nyembamba, juu ya mfuko wa kushoto. Halafu nyingine kwenye bega. Kingo zake zilikuwa kama zile za chumvi ya jasho kwenye kofia ya mpiga debe. Nikasugua kwa brashi, unga mweupe ukatoka, kivuli kikabaki. Nikageuza pasi: matundu yote yamezibwa na ukoko, na ni siku ya nne tu.

Kijana alinyamaza. Akinyamaza yule ujue mambo ni mabaya.

Fremu ya tatu kutoka yangu kuna mzee fundi. Tangu Jumatatu tunasalimiana tu, nilimwona kama mpinzani, na yeye nadhani aliniona kama mtu wa Dar, ambalo ni kosa tosha. Nilikwenda na koti mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeinywesha nini?" Hakuuliza kilichotokea. Aliliangalia koti tu.

"Maji ya bomba."

"Ya bomba huku ni ya kuogea na kupikia. Pasi haiyawezi."

Akanieleza huku anaendelea kupitisha uzi kwenye sindano. Maji mengi ya mji huu yanavutwa kutoka visima virefu vya Mzakwe, upande wa Makutupora. Yamekaa ardhini, yamejibebea chumvi za mawe. Ukichemsha, maji yanaondoka na chumvi inabaki, ndiyo ule ukoko ulio chini ya kila birika la Dodoma. Mvuke wa pasi unatema matone, tone linakauka kwenye kitambaa, chumvi inakaa hapo. Kitambaa cheupe hakikusemi. Cheusi kinakusema kwa watu wote.

Halafu akainama chini ya meza, akatoa dumu la lita tano lenye mfuniko uliofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli.

"Hii ni ya Aprili."

Maji ya mvua. Huku mvua inaanza karibu na Desemba na Aprili ikiisha imekwenda, hamuonani tena kwa miezi. Anayakinga kutoka bati la nyumbani kwake, anayachuja kwa kitambaa, na dumu kama hilo analitumia kwa vijiko. Alimimina robo kikombe ndani ya bakuli na kudondoshea siki kidogo, akachovya kipande cha kitambaa cha marekani, akakamua mpaka kikabaki na unyevu tu, akaanza kugongagonga lile duara kwa ncha za vidole. Hakusugua. Aligonga, akahamisha kitambaa mahali pakavu, akagonga tena. Kisha akachukua marekani nyingine, unyevu wa mvua bila siki, akailaza juu ya koti, akaweka juu yake pasi ya mkaa. Ya mkaa! Yenye jogoo kwenye mfuniko. Akabonyeza, akanyanyua, akabonyeza. Mvuke ulipanda na harufu ya sufu iliyolowa, harufu ninayoipenda tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi.

Akanirudishia koti. Ramani hakuna.

"Nikupe nini mzee?"

"Una sindano za namba 16? Za huku zinavunjika."

Nilikuwa nazo pakiti nne za Kariakoo. Nikampa mbili. Akanijazia chupa ya nusu lita ya Aprili, akaniambia isiniishie kabla ya Desemba. Nimeiweka kwenye droo ya pesa.

Ijumaa, 30 Agosti

Mhasibu amechukua suti, imefunga tumboni, amelipa yote. Akaenda nayo moja kwa moja stesheni.

Hili sikulijua: Ijumaa mchana mji unahama. Watumishi wengi familia zao bado ziko Dar, na sasa treni imewarahisishia. Saa tisa unawaona wanapita na vibegi vya magurudumu, Jumapili jioni wanarudi navyo. Wateja wangu wengi wanaishi hapa siku tano. Kwa hiyo biashara ya suti huku ni Jumatatu mpaka Alhamisi, na Jumamosi, ambayo Dar ilikuwa siku ya mavuno, nitakuwa napima vumbi.

Jumapili, 1 Septemba

Sikuandika jana kwa sababu hakukuwa na la kuandika, zaidi ya mnada wa Msalato, ambako kijana alitaka twende. Tulikula mbuzi wa kuchoma hadi tukaona aibu. Tukarudi.

Leo ilikuwa mbaya. Saa nane usiku niliamshwa na ukimya. Mbagala jirani yangu alikuwa na redio iliyoanza kupiga kelele alfajiri, nimemlaani miaka sita, na leo ningemlipa aiwashe. Asubuhi nilifua, nikapika, nikafagia uwanja, ikawa saa nne. Nikakaa chini ya mwarobaini. Ikawa saa nne na robo.

Watu wakikusifia mji mtulivu wanakuambia kuhusu hewa, foleni hakuna, watoto wanacheza nje. Ni kweli yote. Hawakuambii kwamba muda ule uliokuwa unaliwa na daladala unarudishwa kwako mzima mzima mkononi, na kama watu wako hawapo, unabaki nao kama mtu aliyepewa ng'ombe hana zizi. Niliwaza kukata tiketi ya kurudi kesho. Niliangalia hata ratiba.

Mama mwenye nyumba akatoka na ungo wa karanga, akaniwekea nusu mbele yangu bila kuuliza. Tukaanza kubangua.

Yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano TANU ilipoamua, 1973, kwamba makao makuu yatahamia Dodoma. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile watu wote waliyoiita CDA. Anakumbuka baba yake alirudi nyumbani akasema Serikali inakuja, palilieni njia. "Tukapalilia," alisema. Akaolewa, hawajaja. Bunge likaja, likawa linaingia na kutoka. Akapata wajukuu. Hiki kiwanja walipewa na CDA kwa hati ya miaka thelathini na mitatu, na mumewe alikuwa akiihesabu miaka hiyo kama mtu anayehesabu dawa zilizobaki kwenye pakiti. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa, ikasemwa hati sasa ziwe za miaka tisini na tisa. Mumewe alikuwa ameshafariki. Aprili 2018, sherehe za Muungano zilipofanyika hapa hapa, Rais Magufuli akatangaza kuwa Dodoma ni jiji. Mama huyu alikuwa uwanjani Jamhuri siku hiyo.

"Miaka arobaini na mitatu tumesubiri mpaka waanze kuja, mwanangu. Wewe una siku ngapi?"

"Nane."

"Haya. Bangua karanga."

Jumatano, 4 Septemba

Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kupima watu sita wa idara moja wanaotaka sare ya mkutano. Ni nje ya mji, unapita Ihumwa, barabara imenyooka, wizara zimepangwa kama mabegi kwenye foleni ya mpakani. Wamepanda miti mingi. Sasa hivi inafika kifuani. Kuna mahali nilisimama katikati ya njia pana sana, lami safi, taa, na hakukuwa na mtu hata mmoja isipokuwa mimi na futi yangu shingoni.

Sita wakawa tisa. Walipimwa, wakachagua rangi, wakapunguziana bei wao kwa wao. Mmoja aliniuliza kama nina duka mtandaoni. Nikamwambia nina daftari.

Tatizo ni vitu. Vifungo vya pembe, bitana nzuri, zipu za shaba, vyote hapa vipo lakini vimeshalipiwa nauli kutoka Kariakoo na kila aliyevigusa njiani ameongeza mia mbili. Nimempigia muuzaji wangu wa zamani, atanitumia kwa basi kila Jumanne. Nimehama nimeiacha Kariakoo, na Kariakoo imenifuata na risiti.

Jumamosi, 7 Septemba

Kaka yake mama mwenye nyumba ana shamba la zabibu upande wa Hombolo. Ni msimu, huku zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Machi hivi na sasa. Tumekwenda kwa gari la mpwa wao, wanawake wanne nyuma, ndoo zimetangulia mbele kama wageni wa heshima.

Nilitegemea kitu cha kwenye kalenda. Ni nguzo za miti na waya, mistari mirefu kwenye udongo wa kichanga, jua linapiga bila huruma, na katikati ya ukavu ule wote vichala vimening'inia vizito, vyeusi, vina unga unga juu yake unaofutika kwa kidole. Mzabibu unapenda jua na haupendi mvua ya kila siku, kwa hiyo ukame unaowaudhi wenye mahindi unawafaa hawa. Unakata kikonyo kwa mkasi, mkono wa pili unashika kwa chini. Mkasi ninaujua. Nilivuna haraka kuliko wenyeji, nikasifiwa, nikavimba kichwa, nikakata kichala kibichi.

Mwenye shamba hakuwa na furaha ya kwenye picha. Zabibu ya mvinyo haisubiri, alisema; ikiiva mnunuzi anajua huna pa kuiweka, anakuja na bei yake mfukoni. Anauza ndoo ndoo barabarani kwa wasafiri anachoweza, kingine anakamua mwenyewe, kingine anakausha. Nilimnunulia ndoo mbili. Moja nimempa mzee fundi. Aliangalia ndani, akasema, "Zabibu za Hombolo," akala moja tu, akazifunika kwa marekani.

Nyingine inakwenda Mbagala kesho kwa mkono wa mhasibu, ambaye alikubali kabla hajajua uzito wake.

Jumatatu, 9 Septemba

Oda kumi na nne. Zipo tisa za Mtumba, kuna nyingine za madereva, na moja ya mchungaji anayetaka kola isimkabe. Kijana amepata timu ya mpira na ameanza kusema "mbukwa" kwa lafudhi. Mguu wa ovaloki umenyooshwa na fundi chuma wa Majengo kwa nusu saa. Nilikuwa nimetenga pesa ya mpya.

Chupa yangu ya Aprili imebaki robo.

Baada ya kazi nilipita sokoni nikanunua pipa la plastiki la lita mia mbili, la bluu, lililokuwa na mafuta ya kula. Vijana wawili walinisaidia kulivingirisha mpaka Makole na mtaa mzima ukasimama kuangalia. Nimelisugua kwa majivu na sabuni, nimeliweka chini ya mfereji wa bati, nimelifunika kwa ungo uliotoboka na jiwe juu yake. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, hii ni Septemba."

"Najua mama."

"Hapa litakusanya vumbi tu na mijusi."

"Nitakuwa naliosha."

Alitikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na kipande cha wavu wa mbu. Tukalifunga vizuri zaidi, kwa mpira wa tairi.

Mwanangu alipiga saa kumi na mbili. Zabibu zimefika, amekula mpaka tumbo limemuuma, bibi yake amemgombeza, na bibi huyo huyo ndiye aliyezimalizia. Nikamwambia kuhusu pipa. Alitaka kujua ukubwa. Nikamwambia anaingia yeye mzima, akikaa kitako. Akanyamaza kidogo, nikasikia redio ya jirani kwa mbali.

"Sasa mama, nani atafika kwanza, mimi au mvua?"

"Shule zinafungwa mapema Desemba. Mvua sina ratiba yake."

"Basi usilifunge sana."